Kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani anamaliza matembele: ni nani na nimdhibitije?

MatembeleKigamboni

Wakuu, habari za shambani. Naomba msaada kwa wanaowajua vizuri wadudu hawa.

Ni matuta ya matembele, Kigamboni, udongo wa kichanga, maji ya kisima asubuhi na jioni. Tangu vuli ikolee, majani yanaliwa usiku. Si vitundu viwili vitatu kwenye jani. Tuta linaachwa na vikonyo vitupu, kesho yake linafuata la jirani. Chini kuna vinyesi vikubwa, vigumu, vya kijani kinachoelekea weusi, vyenye mifereji ya urefu. Mhusika ameonekana: kiwavi mwenye unene wa kidole, kijani, ana michirizi ya mshazari ubavuni na pembe iliyopinda mkiani. Kwenye tuta hilohilo yuko mwingine mwenye umbo lilelile, ila ni kahawia iliyokoza, karibu na nyeusi.

Maswali: hawa ni aina moja au mbili? Ile pembe ina sumu? Akikua anakuwa nini, na ametoka wapi wakati marando yalipandwa yakiwa safi? La mwisho ndilo linaloniumiza kichwa zaidi: matembele yanachumwa na kwenda sokoni kila wiki, sasa nipulize dawa gani isiyomdhuru mlaji?

MduduNaMmea

Mkuu, huyo ni kiwavi wa nondo ambaye kitaalamu anaitwa Agrius convolvuli, familia ya Sphingidae. Jina alipewa na Linnaeus mwaka 1758. Wote wawili uliowaona ni aina moja. Viwavi wa nondo huyu wakishafika hatua za mwisho hutofautiana rangi: wengine hubaki kijani, wengine huwa kahawia, wengine weusi kabisa. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na rangi mbili tofauti kwenye mche mmoja, kwa hiyo usimtambue kwa rangi. Tazama pembe, michirizi ya mshazari, na mmea anaokula.

Pembe haina sumu na haichomi. Ukimshika atainua kichwa na kifua, atatulia hivyo, na huenda akatema maji ya kijani. Hayo ni majani aliyoyala. Yatachafua vidole, basi.

Kuhusu alikotoka: hakuja na marando. Nondo jike huruka usiku na kutaga yai mojamoja, huku moja, kule moja, juu ya jani au chini yake, hata kwenye kikonyo. Yai ni la mviringo, linang'aa, lina rangi ya kijani mpauko, na upana wake ni mm 1 hivi. Ukiwa umesimama na ndoo ya kumwagilia huwezi kuliona. Inabidi upindue jani na ulitazame kwa karibu. Kwenye joto la Dar huanguliwa ndani ya wiki moja. Anayetoka ana urefu wa mm 4 hivi, mwili umepauka, na pembe yake nyeusi ni ndefu ajabu kwa mwili mdogo kama ule. Kwa alama hiyo unaweza kumtambua tangu siku ya kwanza. Baada ya kuanza kula anageuka kijani.

Anajivua ngozi mara nne, maana yake ana hatua tano za ukuaji. Katika hatua tatu za mwanzo anatoboa vitundu na kutafuna kingo za majani, na wakulima wengi hawajali, kwa sababu vitundu kwenye matembele havikosekani. Hatua ya tano ndiyo inayomaliza tuta. Hapo anafika sm 8 hadi 10, na sehemu kubwa kabisa ya majani anayokula maisha yake yote anaila ndani ya siku hizo chache za mwisho. Kwa hiyo tuta linapobaki vikonyo, mkuu, kiwavi hakuja jana usiku. Ameshakaa hapo wiki mbili na zaidi. Hilo lishike, kwa sababu ndilo linaloamua kama udhibiti wako utafanikiwa au la.

Ukiwavi wote huchukua wiki tatu hivi, kukiwa na baridi hufika nne. Akishiba, mgongo hubadilika rangi, anaacha kula, anateremka na kutambaa ovyo juu ya udongo akitafuta pa kuchimba. Ukimkuta njiani kati ya matuta mchana kweupe, ndiyo hatua hiyo. Anazama kwenye udongo kiasi cha sm 8 hadi 10, anatengeneza chumba, na humo anageuka pupa (hatua ya kutulia kati ya kiwavi na nondo) ya rangi ya kahawia nyekundu yenye urefu wa sm 5 hadi 6. Pupa hii huwezi kuichanganya na nyingine shambani kwako: mbele ina kitu kilichopinda na kusimama mbali na mwili kama mkono wa birika. Ndani ya mkono huo ndimo unamojengeka mrija wa kunyonyea wa nondo. Kwenye joto hutoka nondo baada ya wiki mbili au tatu. Sehemu zenye majira ya baridi pupa hukaa ardhini muda mrefu zaidi. Ukijumlisha yote, kwa hali ya hewa ya Dar kizazi kimoja ni kama wiki sita au saba. Matembele yakiwepo mwaka mzima, naye yupo mwaka mzima.

UganiPwani

Maelezo hapo juu yamenyooka. Naongeza upande wa udhibiti, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapotea.

Kwa bustani ya matuta, dawa ya kwanza ni mikono. Wadudu wengine wa viazi hukaa kwa mamia na kuokota ni kazi bure, lakini huyu hutaga yai mojamoja, hivyo kwenye tuta moja unakuta viwavi wachache wakubwa. Ukiondoa hao wachache umeondoa tatizo. Ingia baada ya saa moja usiku na tochi. Usiku wanapanda juu ya majani. Mchana wakubwa, hasa wa kahawia, hujificha chini kwenye mashina na ndipo watu wanapita wakisema hakuna kitu. Ukilazimika kutafuta mchana, fuata kinyesi. Kilichokauka na kubadilika rangi ni cha zamani, kiache. Kibichi chenye unyevu maana yake mwenyewe yuko juu yake au kando kidogo: chuchumaa, tazama majani kutoka chini kwenda juu, na angalia kikonyo ambacho jani lake limeliwa nusu. Wanaookotwa watie kwenye ndoo ya maji ya sabuni, au wape kuku.

Rudia kila baada ya siku 3 au 4. Mayai hayaanguliwi kwa pamoja, na ukipita mara moja tu utakuwa umewaachia wadogo waliofichika chini ya majani. Unapochuma matembele ya kupeleka sokoni ndio wakati mzuri wa kupindua majani na kusugua mayai kwa kidole.

Pili, udongo. Matembele yana tabia moja inayompendelea mdudu huyu: yanachumwa, yanachipua, yanachumwa tena, na tuta linakaa miezi bila kulimwa. Pupa zote zilizomo zinatoka salama. Tuta likichoka, ng'oa marando, pindua udongo hadi sm 15 hivi, uache wazi siku kadhaa. Kuku, kunguru na sisimizi watamaliza kazi, na zile zilizozikwa vibaya zitakauka juani. Kosa la kawaida ni kupanda marando mapya palepale siku ileile bila kupindua: nondo anatoka ardhini na kukuta chakula cha watoto wake juu ya kichwa. Safisha pia mimea pori itambaayo ya jamii ya viazi vitamu, ile yenye maua ya umbo la tarumbeta kwenye uzio na kando ya mifereji. Viwavi hukulia humo pia.

Tatu, dawa. Mkuu, hapa naomba unisikilize vizuri. Matembele tunakula jani lenyewe. Hakuna ganda la kumenya. Zile dawa kali zinazoua kila kitu, zinazouzwa kwa ajili ya pamba au mahindi, usiziguse kwenye mboga inayochumwa kila wiki. Siku za kusubiri hazitakuwa zimeisha mlaji anapoweka sufuria jikoni. Lebo isipotaja mboga za majani, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), iache dukani.

Ikibidi kupuliza, kuna njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis. Inafanya kazi pale tu kiwavi anapoila pamoja na jani: tumbo linaharibika, anaacha kula mapema, anakufa baada ya siku mbili tatu. Wengi wanaoilalamikia wamefanya mojawapo ya haya: wamewapulizia viwavi wa sm 8, au wamepuliza asubuhi jua likaiua kabla haijaliwa, au wamemwagilia majani jioni ileile ikaoshwa. Puliza jioni, viwavi wakiwa chini ya sm 3, lowesha na upande wa chini wa majani, na maji ya usiku huo yapeleke kwenye udongo, si juu ya majani. Mchanganyiko ukibaki usiulaze.

Njia ya pili ni mwarobaini. Tumia kiini cha mbegu, si ganda: gramu 50 zilizotwangwa kwa kila lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa kizito ili bomba lisizibe, tia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike, puliza jioni. Huu nao haumwangushi kiwavi papo hapo. Unamkatisha hamu ya kula na kuvuruga kujivua ngozi. Ukisubiri kuona maiti asubuhi utadhani haufanyi kazi. Na una uchungu, kwa hiyo usipulize ukikaribia kuchuma. Majani yaoshwe vizuri.

NondoWaUsiku

Umeuliza akikua anakuwa nini, na hilo linastahili maelezo yake, kwa sababu ni mdudu wa kuheshimiwa.

Nondo mwenyewe ni mkubwa: mabawa yakikunjuliwa yana sm 8 hadi 12 kutoka ncha hadi ncha. Ya mbele ni ya kijivu yenye mawimbi meusi na meupe, kiasi kwamba akitua kwenye gome la mnazi au nguzo ya mbao unampita. Uzuri uko tumboni. Katikati ya mgongo kuna mstari mpana wa kijivu, na kila upande kuna mikanda ya waridi na nyeusi inayofuatana hadi karibu na mkia. Akiguswa anafungua mabawa na ile waridi inatokea ghafla. Dume ana vipapasio vinene kuliko jike. Mrija wa kunyonyea, ule ulioanza kwenye mkono wa pupa, unakuwa mrefu kuliko mwili wake, na asipokula unakaa umeviringishwa chini ya kichwa.

Anatoka jioni, jua likizama. Hatui kwenye ua. Anaelea hewani mbele yake, mabawa yakienda kasi hadi huyaoni, anaingiza mrija na kunyonya, kisha anahamia la pili. Wengi wakimwona kwa mbali kwenye asumini wanadhani ni ndege mdogo. Taa za nje humvuta, na asubuhi unamkuta ametulia ukutani.

Makazi yake ni Afrika yote pamoja na Madagaska, Ulaya ya kusini, Asia, hadi Australia na New Zealand. Ni msafiri hodari. Kila mwaka wengine huvuka kutoka kusini kwenda kaskazini mwa Ulaya, wanafika Uingereza mwisho wa kiangazi chao, na wamewahi kufika hadi Iceland, ingawa kule baridi haiwaruhusu kuishi. Amerika hayuko, kule viazi vitamu vinaliwa na ndugu yake wa karibu, Agrius cingulata, mwenye waridi hadi kwenye mabawa ya nyuma. Ndiyo maana, ndugu wa Kigamboni, kusafisha shamba lako peke yake hakuwezi kumfanya asirudi. Nondo anayetaga kwako leo anaweza kuwa ametoka mbali sana.

Lipo jambo ambalo wenye bustani mchanganyiko wanapaswa kulijua kabla hawajapuliza dawa kali. Mpapai unategemea sana nondo wa familia hii. Maua yake meupe hutoa harufu jioni. Yale ya mpapai dume yana asali ya ua, ya mpapai jike hayana. Nondo anakwenda kwenye la jike kwa kudhani nalo linayo, na chavua inahama. Utafiti uliofanywa Kenya uliwakuta Agrius convolvuli, Hippotion celerio, Daphnis nerii na wenzao wakiwa ndio wachavushaji wakuu wa mapapai. Mipapai yenye maua ya jinsia zote mbili hujichavusha yenyewe, lakini kama bustani yako ina mipapai dume na jike, ukiwaangamiza nondo umejipunguzia mapapai. Kuokota viwavi kunakulindia matembele bila kugusa nondo wa mitaa yote.

MatembeleKigamboni

Asanteni sana wakuu, hapa nimepata darasa. Nimeingia na tochi na kweli wako juu ya majani. Maswali mawili ya kuongezea. Mmoja kati ya niliowaokota ana vitu vidogo vyeupe vimejipanga mgongoni, ni mayai yake? Na kwenye magimbi ya pembeni yuko mwenye pembe pia, lakini nyuma ya kichwa ana madoa mawili yanayofanana na macho. Ndiye huyuhuyu?

MduduNaMmea

Hao weupe si mayai. Kiwavi hatagi kamwe. Anayetaga ni nondo. Hivyo ni vifukofuko vya nyigu wadogo sana wa jamii ya Braconidae. Nyigu jike alitoboa ngozi ya kiwavi na kutaga ndani, mabuu yakamla kwa ndani, sasa yametoka na kusokota vifuko nje ya mwili. Kiwavi wa namna hiyo ameshaacha kula na hatapona. Usimtie kwenye ndoo ya sabuni! Mrudishe alipokuwa, kwenye kivuli, ili nyigu watoke na kuwatafuta wengine. Ukimtosa majini unaua askari wako kwa makumi. Hali kadhalika ukiona yai la nondo limekuwa jeusi badala ya kijani, liache. Mara nyingi limeshatagiwa na nyigu mdogo zaidi. Dawa kali inawaua hawa kabla ya kiwavi mkubwa, na ndiyo sababu shamba linalopulizwa mara kwa mara hurudiwa na viwavi wengi kuliko mwanzo.

Wa kwenye magimbi mwenye madoa ya macho ni Hippotion celerio. Anapenda magimbi na mizabibu. Akishtuka anavuta kichwa ndani, sehemu ya mbele inavimba, na madoa yanaonekana kama kichwa cha nyoka. Naye hana sumu. Udhibiti ni uleule.

DarasaLaViumbeTemeke

Natafuta namna ya kuwaonyesha wanafunzi hatua zote hizi darasani. Je, anafugika?

NondoWaUsiku

Anafugika vizuri, Mwalimu, ukizingatia mambo machache. Chukua ndoo ya lita 20, weka udongo wa kichanga uliochekechwa, kina cha sm 12 hivi, wenye unyevu kiasi kwamba ukiukamata unashikana ila hautoi maji. Funika kwa kipande cha chandarua na mpira. Viwavi wawili au watatu wakubwa wanatosha. Wakisongamana wanachafuana na kufa kwa ugonjwa, unawakuta wamelegea na kuwa weusi. Majani ya matembele yabadilishwe kila siku, yawe hayajapulizwa dawa yoyote, na yawe makavu. Vinyesi vitolewe kila siku, vikiachwa vinaota ukungu. Usiweke kikombe cha maji kilicho wazi, watatumbukia.

Sisimizi ndio adui mkubwa nyumbani. Weka ndoo juu ya kigoda, na kila mguu wa kigoda uingie kwenye kopo lenye maji na tone la mafuta ya kupikia.

Kiwavi akizama, msifukue. Anakaa ndani siku kadhaa akiwa bado kiwavi kabla ya kugeuka pupa, na ngozi ya pupa mpya ni laini; watoto wengi wanaharibu hapo. Subirini wiki nzima na zaidi. Nyunyizeni maji kidogo udongo ukikauka. Siku chache kabla ya nondo kutoka pupa hukoza rangi, na hapo ndoo iwe tayari ina kijiti chenye gome la kukwaruza kilichosimama wima, kinachofika karibu na chandarua. Nondo akitoka mabawa yake ni mafupi yaliyojikunja, na lazima apande aning'inie ili yashuke na kunyooka. Pasipo kijiti, au ndoo ikiwa ya plastiki laini tupu, anateleza, mabawa yanakauka yakiwa yamejikunja na hataruka tena. Akishanyooka mwachieni aruke jioni yake ya kwanza.

MatembeleKigamboni

Nimewaelewa. La mwisho kabisa: nina kunde upande wa pili wa kisima, ziko hatarini?

UganiPwani

Chakula chake kikuu ni jamii ya viazi vitamu, lakini mimea ya jamii ya kunde na maharage nayo huliwa, hasa viwavi wakiwa wengi na matembele yameisha. Ukipita na tochi kwenye matembele, malizia na mistari miwili ya kunde iliyo karibu zaidi. Ukikuta safi, ya mbali haina haja. Vitundu vya mviringo, vidogo, vilivyosambaa jani zima bila kinyesi kikubwa chini si vyake, ni vya mbawakawa, na mwarobaini uleule unasaidia.